Jana Tulikula Nini

Kama una cheko, licheke sasa ulimalize, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatiza. Haya ninayokusimulia yamenitokea mimi mwenyewe, kijijini Bweni hapa hapa, uani kwangu, mchana kweupe. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini, wala mimi si mtu wa kuona majini kila kichaka kama baadhi ya majirani zangu, ambao paka akikohoa tu wanakimbilia kwa mganga. Mimi ni mtu wa dharau, watakwambia wenyewe. Nadharau waganga, nadharau waoga, na wanaonichefua kuliko wote ni wanaojifanya wajuzi.

Na mjuzi wetu mkuu hapa ni shemeji yangu Makame, mume wa mdogo wangu. Makame alikwenda kukaa Dar es Salaam, akarudi na miwani ya jua na maneno mengi. Simu ya mtu ikigoma, apelekewe Makame. Mtu akitaka akaunti, afunguliwe na Makame. Yangu ya barua pepe alinifungulia yeye, na neno la siri akanichagulia yeye: jina la kijiji, halafu moja mbili tatu. Ebo! Kichwa kikubwa vile, kimekaa kikatoa Bweni moja mbili tatu. Haikumtosha, akalihifadhi neno hilo kwenye akaunti yake mwenyewe, pamoja na ya nusu ya kijiji, eti tusije tukayasahau. Wakati ule sikujali, kwa sababu sikuona akaunti ina faida gani.

Faida yake niliiona alipofariki mama. Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka, na siku zake za mwisho nilikuwa namrekodi kwa simu akinielekeza mapambo, jinsi ya kuanza ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, na jinsi ya kuingiza miyaa ya rangi, yale majani ya kusukia. Kugomba ndiyo ilikuwa zaidi ya kuelekeza. Kuna sauti moja hapo naipenda mno: yuko jikoni, hajui kama simu inarekodi, ananiita kwa jina langu la nyumbani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu anapasuka, "Wewe! Miyaa inaungua huku!" Hilo jina la nyumbani silitaji hapa, usilisubiri. Nakujua mimi wewe?

Basi, mama keshazikwa, simu ile ikanitumbukia kwenye sufuria ya rangi. Ikachemka na miyaa, ikatoka ya zambarau, imekufa kabisa. Nililia siku ile kama nimezika mara ya pili. Nilipopata simu nyingine nikafungua akaunti, nikakuta sauti zote zimo, zilijihifadhi zenyewe huko bila mimi kujua. Ndipo nikaingiwa na hofu. Sauti ya mama yangu, yote iliyobaki duniani, inalindwa na Bweni moja mbili tatu!

Uani kwangu mtandao haufiki. Unasuasua tu ukisimama juu ya kinu, na mimi sina umri wa kupanda vinu. Nikaenda hadi kule Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa, mtandao unakopatikana vizuri, nikakaa na miwani yangu nikaweka uthibitisho wa hatua mbili, neno la siri nikaliacha lile lile. Wala si elimu ya kutisha, hata Makame angeielewa kama angefunga mdomo kidogo. Neno la siri peke yake halitoshi. Mtu akishaliandika, zinatumwa tarakimu sita kwenye simu yako wewe, na bila hizo hafunguliwi. Tarakimu hizo humsomei mtu yeyote. Awe askari, awe mumeo, awe nani, humsomei.

Kwangu halikuwa jambo geni hata kidogo. Nyumbani kwetu tumelelewa hivyo. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba ukiitwa na usiyemwona, huitiki mpaka uitwe mara tatu, maana jini hafiki ya tatu. Lakini mama yangu hakuridhika na hilo peke yake. Shangazi yake aliwahi kuitwa mchana wa jua la utosi na mtu mwenye sauti ya mumewe, akaitika, na tangu siku ile hakusema tena mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mama akaongeza la kwake. Ukibisha hodi kwetu, ukishaita na jina lako ukishalitaja, anakuuliza kwa ndani, "Jana tulikula nini?" Usipojua, hufunguliwi, hata uwe unalia. Na ukirudi baada ya mwaka mzima, jana ni ule usiku wa mwisho mliolala nyumba moja. Mdogo wangu aliporudi kutoka Utete na mimba na mizigo, alisimamishwa nje juani mpaka alipokumbuka kuwa ilikuwa ni pweza.

Makame aliposikia nimeweka hatua mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, makufuli yote hayo, ndani kuna nini? Bibi anagomba!" Mama mkwe wake huyo anamsemea hivyo, na kaburi halijaota nyasi. Niliona tu kwamba mtu huyu Mungu atamjibu mwenyewe, na sikungoja sana.

Alipigiwa simu na mwanamke mwenye sauti laini, akaambiwa simu inatoka ofisini. Ofisi gani? Hakuuliza, mjuzi wa watu. Akaambiwa zimeingia tarakimu kwenye simu yake, asome. Akasoma zote sita, kwa mbwembwe, kisha akamshukuru! Jioni ile akaunti yake ikamtumia imamu wetu maneno ambayo mimi mdomo wangu hauwezi kuyabeba. Makame akajifungia ndani, miwani ya jua usoni, haonekani hata msikitini. Na kwa kuwa maneno ya siri ya nusu ya kijiji yalikuwa humo humo, na langu sasa lilikuwa mikononi mwa asiyejulikana. Ikabaki hatua moja tu kati yake na mama yangu.

Nikasema kesho jua likipoa nitakwenda Ras Mkumbi nilibadilishe. Hiyo kesho yenyewe ndiyo siku ninayoisema.

Ilikuwa adhuhuri bado kidogo, jua limesimama utosini, mchanga huwezi kuukanyaga bila ndala. Watu wote wako ndani. Mimi nimekaa uani kwenye kivuli cha paa, nasuka, kopo la maji ya rangi liko kando, simu iko chini kwenye jamvi. Simu ikalia. Chini kwenye jamvi, mahali ambapo haijawahi kupata mtandao tangu niinunue! Nikaitazama: tarakimu sita. Kuna mtu keshaandika Bweni moja mbili tatu, anabisha.

Na hapo hapo nyuma ya ua wa makuti nikaitwa.

Niamini nikikwambia, ilikuwa sauti ya mama. Si ya kufanana, ni yenyewe, na kile kikohozi chake kidogo alichozoea kukitanguliza. Akaniita kwa jina la nyumbani. Akaita tena. Kisha akasema, "Mwanangu, zimeingia tarakimu hapo. Nisomee, macho yangu hayaoni."

Makuti ya ua wangu yameoza chini, yameacha nafasi. Nikaona miguu. Najua utaniuliza kwato. Kwato gani! Ilikuwa miguu ya mama yangu, na mipasuko ya visigino niliyokuwa nikiipaka mafuta ya nazi mwenyewe, na juu yake pindo la kanga ambayo ninayo sandukuni mpaka leo. Kilichonitisha ni kwamba alisimama peku juu ya mchanga ule unaowaka, na hainui mguu, wala hahamishi.

Utasema kwa nini sikukimbia? Wewe ungekimbia, hongera. Mimi nilikuwa sijamsikia mama yangu akiniita tangu siku aliyofariki, isipokuwa kwenye simu. Mkono ukaokota simu, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nne," nikasema.

Nikasogeza simu karibu na macho.

"Saba."

"Endelea, tafadhali," ikasema sauti.

Tafadhali! Mama yangu hakuwahi kunitafadhalisha mimi hata siku moja, tangu nazaliwa hadi anakata roho. Angesema, "Soma, au na wewe umepofuka?" Hapo nikazinduka kama nimemwagiwa maji ya kisima. Nikakumbuka pia kwamba sikuitwa mara ya tatu. Nikaibana simu kifuani, nikauliza kama nilivyofundishwa.

"Mama, jana tulikula nini?"

Ikajibu, "Wali wa nazi na samaki."

Loo! Wali wa nazi na samaki! Kisiwa kizima cha Mafia, nyumba gani haijala wali wa nazi na samaki? Na hilo nalo ni jibu? Hata Makame angebahatisha hivyo. Lakini nitakwambia ukweli wangu, maana nimekwambia uniamini: nilitaka apatie. Yarabi, nilitaka apatie jamani. Nilikuwa nimekaa pale nabubujikwa machozi, namwombea jini jibu.

"Siyo," nikasema.

"Muhogo."

"Siyo."

"Pweza. Ndizi. Viazi. Mkate wa kumimina. Chapati. Maharage. Samaki taa. Changu. Kunde." Ikaendelea bila kupumua, na kila chakula kilichotajwa sauti inazidi kuwa bapa, mama anapungua ndani yake, mpaka ikawa inasoma tu vyakula kama mtu anayejaribu funguo za nyumba si yake. Miguu ile bado haijasogea.

Hakupatia, na asingepatia. Usiku wa mwisho hatukula. Nilimpikia uji, akabana midomo, nikamsihi, akageukia ukutani. Uji nikawamwagia kuku, nikalala na njaa ubavuni kwake, na alfajiri akawa ameondoka. Jibu ni hilo tu, hatukula, na anayelijua ni mimi na yeye.

Basi vyakula vikaiishia. Halafu, kwa upole kabisa, ikaniambia, "Basi nikumbushe wewe, mwanangu. Tulikula nini?"

Hapo woga ukanitoka, ikanipanda ghadhabu. Kwa hiyo kazi yako wewe kiumbe ni kuombaomba? Umevaa miguu ya mama yangu, umevaa kanga yake, umeiba kikohozi chake, na la kukufungulia mlango unataka nikupe mimi? Nilimtukana matusi ambayo baadaye ilinibidi nistaghfiru kwa siku nyingi. Nikalibeba kopo la maji ya rangi nikayamwaga yote ng'ambo ya ua.

Hakukupigwa kelele wala hakukuwa na moshi. Nilipopata nguvu ya kuzunguka nyuma, mchanga wote ulikuwa zambarau, isipokuwa nyayo mbili zilizobaki nyeupe, kavu, vidole vimeelekea mlangoni kwangu. Mdogo wangu aliziona, kamuulize.

Jioni ile nilipanda bodaboda hadi Ras Mkumbi na mabonde yote ya barabara ile, nikabadilisha neno la siri. Akaunti ilikuwa salama, hakuna aliyeingia, sauti zote zimo. Nikakaa chini ya mnara nikaifungua ile niipendayo, nijipoze moyo.

Mama akaniita. Akaita tena. Kisha akasema, "Wewe! Miyaa inaungua huku!"

Nikairudia, nikaiweka sikioni. Mara mbili. Mahali pa ya tatu unasikia moto wa jikoni tu, kuni zinalia, pengo la jina moja.

Nikampelekea Makame, ambaye kabla ya hayo alikuwa akiiigiza sauti hiyo ya mama mkwe wake mbele za watu, anaita mara tatu kwa kubana pua ili wacheke. Nikamwambia sikiliza wewe, mjuzi. Akasikiliza, akavua ile miwani yake, akasikiliza tena. Hakucheka. Tangu siku ile akiniona anavuka upande wa pili wa njia, na sijamhurumia, kwa sababu mlango wa kwanza wa akaunti yangu aliufungua yeye.

Neno la siri nimelibadilisha, na jipya halijui mtu. Lakini kila adhuhuri tarakimu sita zinaingia bado, simu ikiwa chini kwenye jamvi pasipo mtandao. Naigeuza kifudifudi, naendelea kusuka. Mdomo siufungui.

Na wewe unayenisikiliza na tabasamu lako la pembeni, unayesema mimi si mjinga kiasi hicho, hata Makame alisema hivyo. Kaweke hatua ya pili leo, na ukishaiweka, funga mdomo wako, hata anayekuomba awe na sauti ya aliyekuzaa. Mimi katika tarakimu sita nilisoma mbili tu. Katika mara tatu alizokuwa akiniita mama yangu, moja haipo tena. Wewe ukisoma zote, hesabu mwenyewe utabakiwa na nini.