Maji ya Majivu na Ulimi wa Jirani

Enzi zetu pale Kasingirima, kando ya ziwa, shampuu tuliisikia redioni tu, na mimi nilidhani ni dawa ya ugonjwa unaowapata watu wa Dar es Salaam. Vichwa vyetu vilioshwa kwa vitu vya uani: maji ya majivu, mlenda uliotwangwa, kisha mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka kwenye kiini cha chikichi. Siku yake ilikuwa Alhamisi alasiri, ili Ijumaa tuamke na vichwa vya kueleweka. Mtoto akionekana paji la uso linang'aa mpaka nzi anateleza, mtaa mzima ulijua katoka mikononi mwa mama yangu.

Sisi wa shule ya msingi nywele zenyewe hazikuwa nyingi. Mwalimu wa zamu alikuwa na mkasi, na ukizidisha urefu alikulima barabara katikati ya kichwa, ukaenda nayo nyumbani hivyo hivyo. Lakini kuoshwa tulioshwa. Tulipangwa kwenye jamvi, macho tumeyafunika kwa kanga, tukisubiri zamu zetu huku tukiapa kwamba Alhamisi iliyopita tulioga vizuri sana ziwani na hakuna haja.

Maji yenyewe yalikuwa na kazi. Mikungu ya chikichi ikishapukutwa kokwa, mama aliianika, akaichoma, akakusanya majivu. Alikuwa na sufuria kuukuu aliyoitoboa matundu kwa msumari. Alitandika nyasi kavu chini, akashindilia majivu, akamwagia maji juu, na ndoo ikikinga chini yake. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya rangi na ni makali kupita kiasi. Hayo yalichanganywa na mawese kupikia sabuni. Yanayofuata ni ya kufulia. Ya mwisho kabisa, yaliyokwisha ukali, ndiyo ya kichwa, na hata hayo aliyachanganya na mlenda ili yateleze na nywele zichanike bila kelele.

Sasa utajuaje kwamba ukali umekwisha? Kwa macho huwezi. Yapo maji meupe yanayouma na yapo ya rangi ambayo ni mapole. Kipimo kilikuwa ulimi. Mama alichovya kidole, akagusisha ncha ya ulimi, akatulia kidogo, kisha akasema "bado" au "tayari". Hakuna aliyembishia.

Tatizo lilikuja kila mwezi wa Ramadhani. Ustadhi wetu wa madrasa alisema kuonja kwa ncha ya ulimi kunaruhusiwa, mradi usimeze. Mama akajibu kwamba ustadhi hajawahi kuonja maji ya majivu, kwa sababu yale yanajimeza yenyewe. Kwa hiyo mwezi ule tulitumia ulimi wa Mama Furaha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zamani, walikuwa Wakristo, na mchana walikula kama kawaida. Mimi ndiye niliyetumwa. Nilibisha hodi, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo Mama Furaha. Mama anaomba ulimi." Naye aliacha alichokuwa akifanya, akafuata hadi uani kwetu, akaonja, akakunja uso, akatema, akasema, "Ongeza mayi, haya yatachuna mutoto." Siku ya Idi sahani yake ya pilau ilitangulia kutoka hata kabla ya kaka zangu kunawa.

Mwaka mmoja bata waliharibu mambo. Mama alikuwa ameanika dagaa kwenye mkeka, na bata wa Mama Furaha wakapita juu yao, wakala walichokula na kuacha walichoacha. Mama akatoa maneno. Alisema kuna watu wanafuga kuliko wanavyoweza kulisha. Mama Furaha naye akasema bata hajui mpaka, lakini binadamu mwenye akili huanika dagaa wake juu ya kichanja. Wakaacha kusalimiana. Kila mmoja alifagia uwanja wake akiwa amempa mwenziwe mgongo, na sisi watoto tukakatazwa kupeleka salamu. Ramadhani ikaandama hali iko hivyo hivyo.

Na mwaka huo ndio dada yangu Mwamini alikuwa mchumba wa mtu. Alikuwa amemaliza darasa la saba siku nyingi, na tangu aachane na mkasi wa mwalimu alizilea nywele zake kama watu wanavyolea mche wa mchikichi. Zilikuwa zimemfika mabegani. Wakwe zake wa Ilagala walishatuma habari kwamba Idi ikipita, shangazi wa mume atakuja kumfumua na kumsuka yeye mwenyewe, kama ilivyo kwao. Kila mtu nyumbani alielewa maana yake. Shangazi haji kusuka tu. Anakuja kutazama kichwa, shingo na ngozi, kisha arudi akaseme binti ni mzima au si mzima. Kwa hiyo tulizitazama nywele za Mwamini kwa jicho la mali ya ukoo.

Siku ya kumwosha ilikuwa karibu na Idi. Mama alikuwa na sabuni ya kupika, nguo za kufua na chungu cha futari jikoni. Katikati ya shughuli aliongeza majivu mapya juu ya yale ya zamani ili sabuni isipungue, halafu akakinga maji ya Mwamini kutoka sufuria ile ile. Yalitoka meupe, mazuri kuyatazama. Nikasimama nikingoja nitumwe. Mama akatazama ukuta wa jirani, akatazama ndoo, akasema, "Haya yamekwisha ukali, nayaona." Akatia mlenda, akammwagia mtoto wake kichwani.

Mwamini aliuma kanga kidogo, kwa adabu. Kisha akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Mama alidhani povu limeingia machoni, akaendelea kusugua. Alipoinua mkono, nywele zilikuja nao. Ziling'oka kama nyuzi za bamia, zikabaki vidoleni mwake, naye akazitazama.

Mama Furaha hakubisha hodi. Aliingia na ndoo ya maji kichwani, akamsukuma mama pembeni. "Mayi! Leteni mayi mingi, mtalia baadaye!" Tukakimbia kuchota, ndoo juu ya ndoo, akammiminia Mwamini mpaka uwanja ukawa tope. Akamtuma mwanawe Furaha alete maziwa ya mgando, akampaka kichwa kizima kwa kiganja, taratibu. Mama alikuwa ameketi chini kwenye tope lile, na nywele bado mkononi. Mama Furaha alimaliza kazi, akamgeukia. "Miye ningekataa kuonja?" Mama akatikisa kichwa. "Basi kwa nini hukuniita?" Mama akaanza kulia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia.

Nywele zilizobaki zilikatwa. Kichwa kilikuwa na mabaka mekundu ambayo Mama Furaha aliyapaka mafuta ya mise asubuhi na jioni. Hofu ya nyumba ikawa moja: shangazi wa Ilagala ataona mapunye, au ataona ugonjwa mbaya zaidi, na mambo yatakwisha. Baba alipendekeza tutume habari kwamba binti ana homa. Mwamini akakataa. Alisema kama ni kuachwa, aachwe kwa alicho nacho.

Shangazi akaja, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mto. Akakaribishwa, akanywa uji, akafungua ushungi wa Mwamini. Akainama kuyatazama mabaka. Aliyesema ni Mama Furaha, aliyekuwa ameketi mlangoni bila kualikwa. "Mama, usitazame vibaya. Hakuna ugonjwa hapo, ni mayi ya majivu. Mwonjaji wa nyumba hii ni miye, na mwezi wote nilikuwa nimenuna. Kama kuna wa kulaumiwa, ni huyu unayemwona."

Haikuwa kweli, maana mama ndiye aliyekataa kuita, na mama akafungua mdomo aseme hivyo. Shangazi akamzuia kwa mkono. Akapitisha vidole kichwani kwa Mwamini, akanusa mise, kisha akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Nyumba inayogombana na jirani, naye bado akaja kuitetea, huko tutaoa," akasema. "Nywele zitaota akiwa kwetu." Mwamini aliolewa na kichwa cha mwanafunzi, na watoto wake leo wana watoto.

Siku hizi vijana wananunua bando kumtazama mtu wa mbali akitwanga mlenda, kisha wanauita siri ya urembo. Sioni ubaya. Mama na Mama Furaha wameshatangulia, pale uani pamejengwa frem za maduka, na mimi mwenyewe nina chupa ya shampuu bafuni. Inatoa povu jingi na haihitaji mtu wa pili.

Ramadhani iliyopita binti yangu Rehema alinipigia simu. Anaishi Kigoma mjini, kwenye nyumba za kupanga zenye geti. Nywele za mjukuu wangu zimekatika kwa dawa za saluni, akataka nimfundishe maji ya majivu. Nikafurahi sana, nikamweleza kila hatua, na yeye akawa anaitikia. Tulipofika kwenye kuonja nikamwambia, "Wewe umefunga. Muite jirani asiyefunga akuonjee."



"Jirani yupi, mama?"

"Yeyote. Huyo wa mlango wa pili."

"Huyo hata jina lake silijui."

Nikamwambia anunue shampuu.