Mkono wa Shabaha

Wateja walimwita Fundi, basi, bila kuongeza jina lingine, kwa kuwa mji mzima ulikuwa na fundi mmoja tu wa bunduki na huyo alikuwa mwanamke. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake: meza ndefu ya mbao iliyolowa mafuta, jiliwa la kubania mitutu, na dirisha la nondo lililotazama vilima vya mawindo. Harufu ya yale mafuta ilimfuata mpaka kitandani. Mumewe alikuwa akimtania kwamba alioa karakana, akapewa mke kama nyongeza.

Wawindaji waliomjia walitaka jambo moja: bunduki ya kuangusha mnyama kutoka kilima hadi kilima. Fundi hakuwa na ulimi wa asali.

"Bunduki nzuri," angewaambia, "ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga, na mpigaji ametulia, inaweka risasi tatu ndani ya kizibo cha soda kwa mita mia moja. Peleka mita mia nne, kizibo kinakuwa kisahani cha chai. Na hapo hujapanda mlima ukahema, upepo haujavuma, na mnyama hajajongea hata hatua moja."

Wengine walinuna, wakaenda duka la barabara kuu ambako waliambiwa walichotaka kusikia. Wengi walirudi msimu ukiisha, midomo chini.

Mume wake ndiye pekee ambaye Fundi alimruhusu kujivunia umbali. Watu walimwita Shabaha. Alikuwa akiwaongoza wageni mawindoni kwa ajili ya kampuni moja ya uwindaji, na mgeni akijeruhi mnyama, ilikuwa kazi yake kummaliza upesi asiteseke. Mara ya kwanza kufika pale karakana alileta bunduki yenye kitako kilichopasuka. Kitako kikapona, yeye akaendelea kuja, mara skrubu, mara kutu isiyoonekana, mpaka Fundi akamwambia kama ana la kusema aseme, maana bunduki haina ugonjwa. Walioana mwaka uleule, wakapata watoto wawili, ambao sasa walikuwa na miji yao ya mbali.

Msimu ule alirudi nyumbani mapema, akaiweka bunduki mezani bila hata salamu.

"Imeharibika," alisema.

"Imefanyaje?"

"Kulungu dume, ng'ambo ya bonde. Mgeni alikosa, nikamtandika mimi. Nimempiga taya." Aliketi, akavua kofia. "Taya, mama watoto. Tumefuata damu mpaka imekauka. Hatukumwona tena."

Fundi aliifungua bunduki yote. Akamulika ndani ya mtutu, akakagua mdomo wake, akajaribu kila skrubu ya darubini ya kulengea. Haikuwa na kasoro hata moja. Lakini alipoinua macho, akaona jinsi mwenzake anavyomngoja kama mtu aliye mlangoni kwa daktari.

"Skrubu moja ililegea kidogo," alisema. "Nimeikaza."

Shabaha alishusha pumzi, akala chakula chake chote.

Haikupita muda bunduki ikarudi. Safari hii alikuwa amempiga kulungu mguu, na mgeni ndiye aliyelazimika kummaliza. Fundi akabadilisha darubini, ingawa ile ya zamani haikuwa na neno. Ikarudi tena. Shabaha hakusema imeharibika, alisema, "Umeifanya nini bunduki yangu?" Fundi akageukia jiliwa.

Baadaye akaja kusikia kwamba huko kambini Shabaha aliwaeleza wageni kuwa bunduki ilikuwa na afya njema mpaka mkewe alipoitia mikono. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua bunduki yake kabla haijaguswa, akisema amebadili mawazo, na hakumtazama usoni. Fundi aliumia. Amekaa na mtu huyu miaka yote, leo anampaka matope mbele ya watu wa kazi yake mwenyewe.

Aliyelitaja jambo waziwazi ni shemeji yake, mdogo wake Shabaha, ambaye kazi yake kule vilimani ilikuwa kusoma nyayo. Alikuja wakati Shabaha ametoka, akakataa kiti.

"Shemeji, wewe hujaona?"

"Kuona nini?"

"Mkono wa kaka. Akiinua kikombe, chai inamwagika. Akilala kulenga, mtutu unacheza. Mimi niko pembeni yake, naona." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na yule kulungu wa taya nilimpata. Alikuwa mifupa na ngozi. Hakuweza kutafuna. Nilimmaliza mwenyewe. Kaka sikumwambia."

Fundi alikaa juu ya kigoda chake. Alikuwa ameona, kwa kweli. Tangu kipupwe yeye ndiye aliyekuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati asubuhi. Shabaha alikuwa akisimama na kidevu juu, akitania kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa wa kuvishwa, naye alicheka na kufunga, akajiambia ni mapenzi ya uzeeni. Kila skrubu aliyokaza baada ya hapo, alijua kilicholegea si skrubu.

"Nitamwambia," alisema.

"Atakataa."

"Basi atakataa akiwa ameambiwa."

Fundi na mumewe walienda uwanja wa shabaha wao wawili, asubuhi isiyo na upepo. Njia nzima Fundi alikuwa akipanga maneno. Angeanza na bunduki, kisha aingie kwa mkono polepole. Walipofika, maneno yote yakamkimbia. Akalaza bunduki ya mumewe juu ya mfuko wa mchanga, akalala nyuma yake, akapiga risasi tatu. Kisha akainuka, akampisha.

Shabaha alilala. Alichukua muda mrefu. Fundi, akiwa amesimama nyuma yake, aliona mkono wa kulia ukitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena, na yeye akibana meno kuulazimisha. Akapiga tatu zake.

Walitembea pamoja mpaka kwenye karatasi ya kulengea. Matundu ya Fundi yalikuwa yamegusana. Ya Shabaha, moja lilikuwa juu kwenye kona, moja chini, na la tatu halikuwepo.

Alitazama karatasi ile mpaka Fundi akatamani aichane.

"Kwa hiyo bunduki ni nzima," Shabaha alisema.

"Ni nzima."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ile skrubu?"

Fundi alianza kuibandua karatasi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni mkono."

"Mkono wa nani?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua. Kisha akaketi kwenye nyasi. Fundi akaketi kando yake, akauchukua ule mkono, akauweka mapajani pake na kuufunika kwa mikono yake yote miwili, naye akauacha.

Hospitali walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa zingeuchelewesha tu, za kuuponya hazijapatikana. Shabaha alirudisha kibali chake cha kuwinda kabla hajaombwa. Kisha akataka apelekwe kambini. Shemeji alimpeleka, na ndiye aliyemsimulia Fundi yaliyotokea: kaka mtu alisimama mbele ya waongozaji wote na wageni waliokuwa wakinywa kahawa, akasema, "Nilisema mke wangu kaharibu bunduki. Nilisema uongo. Bunduki haina kosa, mimi ndiye niliyekwisha." Akaomba kurudishwa nyumbani. Yule mteja alirudi na bunduki yake wiki ileile, na Fundi akaipokea bila neno.

Siku moja, akiwa anavishwa shati, Shabaha aliuliza, "Yule kulungu wa taya, alikufa njaa?"

Fundi alikuwa ameshikilia kifungo. Uongo mdogo ulikuwa tayari mdomoni, na safari hii akaumeza.

"Mdogo wako alimpata. Alikuwa amedhoofu sana. Alimmaliza."

Shabaha alitikisa kichwa mara kadhaa. "Alifanya vizuri," alisema.

Aliishi miaka minne baada ya hapo, mingi yake akiwa ameketi karakana. Fundi alimpa kitambaa cha mafuta awe anafuta mitutu. "Kazi hii inanifaa," alikuwa akisema, "mkono unasugua wenyewe, mimi nausimamia tu." Wateja walicheka, na Fundi alicheka nao, kisha akainamia kazi yake. Ukaja mwaka ambao kitambaa kilimtoka mkononi. Ukafuata ule ambao alilishwa kwa kijiko. Alifariki mvua zikiwa zimeanza, mke na mdogo wake wakiwa kando ya kitanda, kila mmoja ameshika mkono mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mikono yote miwili kutulia, na kwa hilo ndipo walipojua kwamba ameondoka.

Shemeji alichukua kazi ya kuongoza wageni. Fundi alifunga karakana mpaka mvua zilipokwisha, kisha akafungua, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kingine cha kujaza mchana.

Msimu ulipoanza alikuwa akipiga tupa mdomo wa mtutu mmoja, dirisha wazi, aliposikia mlio wa bunduki vilimani. Alisimamisha tupa, akasikiliza. Risasi ikilia moja tu, kazi imekwisha. Ya pili ikilia, maana yake ya kwanza haikufika mahali pake, na kuna mnyama anakimbia na jeraha.

Kimya kikakaa. Alikuwa ameanza kushusha pumzi, ya pili ikalia.

Alisubiri asikie ya tatu. Haikuja; basi shemeji amemmaliza. Akaiweka tupa mezani, akanawa mikono, akaenda jikoni kubandika chai ya mtu mmoja.