Tezi Nisiyoijua

Maumivu ya mlango wa uke niliishi nayo miaka mingi. Yalichoma kama pilipili kwenye kidonda, hata dukani kwetu Kisii, ambako nauza vitambaa, nilikaa nikiegemea upande mmoja. Daktari alipokata kipande kidogo cha ngozi kilichokuwa kikiwaka, nilidhani yamekwisha.

Nilikwenda kupona kwa mama mdogo, kijijini Nyakoe, kwa kuwa kwetu majirani huingia hadi chumbani. Nyuzi za mshono zilikuwa zimeanza kuyeyuka nilipogusa, nikioga, kitu cha mviringo upande wa kushoto, kama zabibu chini ya ngozi. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilitaka kukiona. Niliweka kioo sakafuni nikachuchumaa.

"Mbona umekaa sana humo?" mama mdogo aliuliza mlangoni.

"Natazama. Kuna uvimbe."

Akasukuma mlango kidogo. Kisha, "Naweza kutazama na mimi?"

Aliingia na miwani yake, akainama akakagua kama anayechambua mchele. "Kumbe ndivyo kulivyo," akasema. Amezaa watoto sita na hajawahi kujitazama huko.

Tulirudi pamoja kwa daktari.

"Hapo kuna tezi inayotoa ute," alisema. "Kovu limeziba mfereji wake, ute umekosa pa kutokea. Hutokea baada ya upasuaji huu."

"Na upande wa kulia iko?"

"Iko. Kila mwanamke anazo mbili."

Mama mdogo akanigeukia. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama," daktari alimjibu.

Alinichoma sindano ya ganzi, akatoboa, ukatoka ute mzito kama wa yai. Aliacha mrija mwembamba ndani ili njia isizibe tena. Njiani mama mdogo alitafuta jina la tezi hiyo kwa Ekegusii, lugha yetu. Hakulipata, na hilo lilimkera hadi tukafika nyumbani.

Mrija ulitolewa, uvimbe haukurudi. Ule moto umekwenda, naweza kukaa dukani kutwa. Ila karibu na kovu pamebaki mahali padogo pasipo hisia. Nikigusa kwa pamba, siku nyingine sisikii kitu, siku nyingine ni kama naguswa juu ya nguo. Daktari anasema huenda neva zikarudi polepole, naye hana hakika.

Mume wangu huuliza, "Hapa unasikia?"

"Hapo hapana. Sogea kidogo."

Anasogea, na mimi nasikiliza.