Herufi Moja Kubwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka kwenye kiwanda cha uchapaji cha wamisionari hapa Morogoro, ambako kwa miaka kumi na minne nilipanga kurasa za vitabu vya shule na vya sala kwenye kompyuta za Mac. Kule tai ilikuwa sehemu ya kazi. Ofisi mpya ilikuwa Kihonda, nyumba ya kupanga ya vyumba vinne, jirani na fundi wa kuchomelea mageti. Mkurugenzi alinipokea mlangoni akiwa na kandambili.

"Bwana Shomari," akasema, "hiyo tai utaivua mwenyewe au nikusaidie?"

Nikaivua. Akaniuliza kama najua michezo ya kompyuta. Nikamjibu kweli kwamba sijawahi kucheza hata mmoja.

"Na Mac?"

"Mac naijua mpaka chini ya kifuniko."

"Basi kazi umepata. Kucheza utajifunza."

Vijana wa ofisini wameniomba nieleze kazi ilivyokuwa enzi zetu, nami nitaeleza. Lakini kuna jambo lazima liingie humu, hata kama wameshalisikia kwangu, na wakishalisoma wataamua wenyewe kama bado wanazitaka kumbukumbu zangu.

Michezo mikubwa, ile inayochezwa dunia nzima, ilikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Windows. Mwenye Mac alibaki mtazamaji. Kazi yetu ilikuwa kuuchukua mchezo uliokamilika na kuufanya ukubali kuishi ndani ya Mac. Mchezo unapotaka kuchora mti au kutoa mlio wa bunduki, huiomba kompyuta kwa maneno maalumu. Mac haikuyaelewa maneno hayo. Kwa hiyo tuliandika tabaka la katikati, mkalimani, linalopokea ombi kwa lugha moja na kulitoa kwa nyingine, mara maelfu kwa sekunde bila kukwama. Mkalimani akichelewa kidogo tu, farasi anayekimbia anaonekana kama anachechemea.

Intaneti ya wakati ule ilikuwa ya kuvizia. Michezo ilitufikia kwenye diski, kwa basi, kama mzigo wa kawaida, na mtu wetu aliifuata stendi Msamvu. Umeme ukikatika tulikaa barazani tukibishana ni mstari upi wa msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, ulio na kosa, huku tumeuandika kwenye karatasi.

Tulikuwa watu saba, lakini kwa habari hii inatosha kuwajua watatu. Mkurugenzi, aliyekuwa amesoma nje akarudi na mkataba wa kwanza mkononi. Mimi, niliyeanza kama fundi wa mafaili, yaani mtu wa kuhakikisha picha, sauti na maandishi yote ya mchezo yapo mahali pake na yana majina sahihi. Na Perpetua, mkaguzi wetu.

Perpetua alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwenyeji wa Mlali. Mama yake alikuwa amemsomesha kompyuta kwa kabichi na karoti, na yeye mwenyewe hakuona aibu kulisema hilo. Kazi ya mkaguzi ni kuucheza mchezo kama adui. Anafungua milango ambayo mchezaji wa kawaida hataifungua, anachomoa waya katikati ya vita, anahifadhi na kufuta, anahifadhi na kufuta. Kila alichokipima alikiwekea alama kwenye orodha ndefu ya karatasi, na mwisho wa orodha aliweka sahihi. Sikuwahi kumwona akiweka alama kwanza halafu apime baadaye. Wengine tulifanya hivyo. Yeye hapana.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na mchezo wa kujenga ufalme. Mtu anaanza na uwanja mtupu, anajenga kibanda, kisima, ukuta, na baada ya miezi anakuwa na mji mzima. Ulikuwa umeshatoka na ulipendwa. Tukaandaa toleo la marekebisho, dogo tu, la kuondoa kasoro chache. Perpetua alilipima siku nne. Jumatano akaweka sahihi na kuniletea karatasi, kwa sababu wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nafunga toleo la mwisho kabla ya kulituma kwa wenye mchezo.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nalifunga, nikaona jina la folda ambamo mchezo unahifadhi miji ya wachezaji. Lilianza kwa herufi ndogo. Folda nyingine zote zilianza kwa herufi kubwa. Nilikuwa mtu wa uchapaji. Kitu kama hicho kilikuwa kinaniwasha kama punje ya mchanga jichoni. Nikaibadilisha ile herufi, nikaifanya kubwa. Sikumwambia mtu. Nikafunga toleo, nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Ngoja nieleze kosa lilikuwa nini. Jina lile lilikuwa limeandikwa sehemu mbili za msimbo: mahali mchezo unaposoma na mahali unapoandika. Mimi nilibadilisha moja, ile ya kusoma. Kwenye Mac nyingi haikuwa neno, maana diski zake hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Lakini wako watu walioziandaa diski zao zitofautishe. Kwao zilikuwa folda mbili. Mchezo ulikwenda kusoma kwenye folda mpya, haukukuta kitu, ukadhani mchezaji ni mgeni, ukamfungulia uwanja mtupu. Halafu, kwa kuwa ulijihifadhi wenyewe kila baada ya dakika chache, ukauandika ule uwanja mtupu juu ya mji wake wa zamani. Mji ukafutika moja kwa moja.

Barua zikaanza kuja. Mama mmoja aliandika kwamba mji wake aliujenga tangu alipolazwa hospitali, na sasa amefungua akakuta nyasi. Wenye mchezo wakataka kujua ni nani aliyepima.

Mimi nililijua kosa siku ileile barua ya kwanza ilipofika, kabla Mkurugenzi hajamaliza kuisoma kwa sauti. Siku zile hatukuwa na mfumo wa kutunza historia ya kila badiliko kama mlio nao nyinyi vijana. Kila jioni tulinakili folda nzima kwenye diski ya pamoja, ya leo ikafuta ya jana, na mtunzaji wa diski hiyo nilikuwa mimi. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kujua msimbo wa Jumatano ulikuwaje.

Mkurugenzi akatuita chumbani kwake, mimi na Perpetua. Orodha ya ukaguzi ilikuwa mezani.

"Perpetua, kipengele hiki. Diski inayotofautisha herufi. Uliipima?"

"Niliipima, Mkurugenzi."

"Ulihifadhi mji, ukafunga, ukafungua tena?"

"Ndiyo. Ulifunguka."

"Sasa mbona kwa watu haufunguki?"

Perpetua akaitazama alama yake kwenye karatasi. Akaitazama sana. "Siku hiyo nilikuwa nabadilishabadilisha diski," akasema taratibu. "Inawezekana... inawezekana nilisahau kuibadilisha. Nilidhani nimeibadilisha."

Mkurugenzi akanigeukia. "Bwana Shomari, wewe ndiye uliyefunga. Umeona nini?"

Huo ndio wakati. Nimeurudia kichwani miaka ishirini na zaidi, na kila mara mdomo wangu unafunguka na kusema ukweli. Lakini siku ile nilisema hivi: "Jina la folda halilingani sehemu mbili. Nimeshaliona. Naweza kulirekebisha leo hii."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika sentensi ile. Niliipanga vizuri kama ukurasa.

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Afadhali kuna mtu anayeangalia," akasema.

Hakumfukuza Perpetua. Alimwambia apumzike ukaguzi kwa muda, akae kwenye tafsiri ya maandishi ya michezo. Siku ya tatu Perpetua alikuja na barua ya kuacha kazi. Mimi nilikuwa barazani alipopita. "Kaka Shomari," akaniambia, "asante kwa kuliona lile kosa mapema. Bila wewe ningewaharibia kabisa." Nikamwambia asikate tamaa, makosa ni ya binadamu. Nilimwambia hivyo! Mimi, kwa kinywa changu.

Mwezi uliofuata nilipandishwa kuwa msimamizi wa matoleo. Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam miaka miwili, kukaa karibu na wateja, halafu nikarudishwa Kihonda nikiwa Mhandisi Mkuu. Katika utumishi wangu Mac zilibadilisha prosesa, ubongo wa kompyuta, mara mbili, na kila mara karibu kila tulichokijenga kilibidi kiandikwe upya. Nilijifunza, nikafundisha. Kazi niliipenda, sitasema uongo. Kuuona mchezo ambao jana ulikuwa unazimika kila ukiuwasha, leo umewaka, na bahari yake inapiga mawimbi kwenye kioo cha Mac, ni furaha ambayo uchapaji haukuwahi kunipa.

Niliweka kanuni moja ofisini: hakuna mtu kugusa msimbo baada ya ukaguzi, hata nukta. Vijana wakaiita Kanuni ya Mzee Shomari. Waliibandika ukutani. Wageni walipokuja walioneshwa, na mtu mmoja aliniuliza nimeipataje hekima hiyo. Nikasema, "Uzoefu." Kila nilipopita mbele ya ile karatasi nilitazama upande mwingine.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Mhandisi Mkuu mpya, binti hodari niliyemfundisha mwenyewe, aliisoma kanuni ile mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, ananitazama kwa fahari. Nilipofika nyumbani Bigwa chakula hakikupita. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza. Akaisogeza sahani yangu pembeni, akauliza, "Yuko hai?"

"Nasikia yuko Mlali."

"Basi unangoja nini?"

Nilimkuta Perpetua bustanini, anafunga mafungu ya spinachi kwa kamba za mgomba. Alinitambua mara moja, akafuta mikono, akaniamkia vizuri kama zamani. Nikamwambia nimekuja kwa jambo, na asinikaribishe kwanza mpaka nilimalize. Nikalisema lote nikiwa nimesimama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata aniambie kwamba alijua siku zote. Hakuwa akijua. Hilo ndilo ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo niliibadilisha ile diski," akasema.

"Uliibadilisha."

"Na mji ulifunguka."

"Ulifunguka, dada. Ulipima sawasawa."

Akakaa chini kwenye tuta. "Kikundi chetu cha umwagiliaji wamenitaka niwe katibu mara mbili," akasema. "Nimekataa. Nimewaambia mimi ni mtu wa kusahau, nitawaharibia. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Mwanangu akiwa mdogo, nikimpa dawa, nilimwita jirani aje ashuhudie kwamba nimempa." Akang'oa gugu kwenye tuta. "Si kwamba nilikuwa nakusubiri uje, kaka Shomari. Sikujua kama kuna cha kusubiri."

Nikamwomba msamaha. Alisema, "Nenda ukawaambie wale waliokupigia makofi. Halafu waniandikie. Wewe usiandike, waandike wao."

Jumatatu nilikwenda Kihonda. Niliwakusanya vijana nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Mhandisi Mkuu alikuwa akinitazama usoni, na macho yake yalibadilika nikiona. Mwishowe aliuliza tu, "Jina lake kamili ni lipi?" Akakaa kwenye kompyuta, akaandika barua fupi yenye mhuri wa kampuni: kwamba ukaguzi wa Perpetua ulikuwa sahihi na umekamilika, kwamba kosa lilifanywa na mfungaji wa toleo, aitwaye Shomari, baada ya ukaguzi, na kwamba kampuni inamwomba radhi. Mkurugenzi wa zamani, ambaye sasa anaishi Dar na afya yake si nzuri, nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata bila kuaga.

Watu husema mtu akikiri, mzigo unashuka. Kwangu haukushuka. Nilichopata ni kwamba sasa si mimi peke yangu ninayejua ninaubeba, na labda hivyo ndivyo inavyostahili. Kijana, ukiharibu kazini, sema siku hiyohiyo, ungali na kosa moja. Mimi nililala nalo nikaamka na mawili, na kila mwaka liliongezeka.

Barua niliipeleka mwenyewe. Nilimkuta Perpetua na mama yake ukumbini. Bibi yule, mwembamba, mwenye macho mazito ya ukungu, hakunijua mimi ni nani. Alijua mgeni amekuja, akaagiza niletewe chai ya mchaichai. Perpetua akafungua bahasha, akaisoma kimya. Kisha akahamia kwenye mkeka, karibu na mama yake, akaanza kuisoma upya kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na kila sentensi akimfafanulia kwa Kiluguru. Aliposoma kwamba ukaguzi wake ulikuwa sahihi, Bibi aliushika mkono wake. Alipofika kwenye jina langu hakuliruka.

Bibi akainua uso. "Na huyo mtu yuko wapi sasa?" akauliza.

"Ndiye huyu, mama," Perpetua akasema. "Anakunywa chai yako."

Nikakiweka kikombe chini. Bibi akanisogelea, akanitazama kwa karibu jinsi macho yake yalivyoweza, ndevu zangu nyeupe, kofia yangu ya swala, kanzu niliyoivaa kwa heshima ya safari ile. Hakukasirika. Alionekana tu kushangaa, kama mtu aliyedhani ataona kitu kingine.

"Mbona ni mtu mzima!" akasema.