Mbele ya Mahasimu

Kicheko ndicho nilichokisikia kwanza. Hakikuwa cha mtu mmoja. Ukumbi mzima ulicheka, ukanyamaza, kisha ukacheka tena vilevile, mara tatu, kupitia sakafu ya chumba changu. Niliposhuka jikoni nilimkuta mama mdogo bado amevaa sare ya kazi, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anaitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Hakubabaika," aliniambia, hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Jana nimeutazama mdahalo wote na yule bibi ninayemlea. Mama wa watu alinyamaza tu. Kunyamaza na kubabaika ni kitu kimoja?"

Nilimimina chai.

Walikuwa wagombea saba, wakichujana wenyewe kwa wenyewe ili chama chao kimpate wa kumpeleka kwenye uchaguzi wa rais. Huyo mwanamke aliulizwa kuhusu matunzo ya wazee. Akanyamaza sekunde kadhaa, mpinzani mmoja akatania kwamba apewe maji, watu wakacheka. Ndipo akasema kuna watu katika nchi hii wanaowaogesha wazazi wa wengine huku hawana ruhusa ya kwenda kuzika wa kwao. Akaahidi sheria ya likizo ya msiba.

Mama mdogo alimzika mama yake, bibi yangu, kwa simu, amesimama kwenye maegesho ya magari hapa Gaithersburg, kwa sababu angesafiri angekuta kazi ina mtu mwingine. Uraia alikuwa ameapishwa juzijuzi, hajapiga kura hata moja Marekani. Ile ya kwanza moyoni alikwisha kumpa yule mwanamke.

Lakini kipande kilichosambaa asubuhi ile kilikuwa na ukimya na kicheko, kikaishia hapo. Na maneno ya Kiswahili yaliyokipamba niliyaandika mimi.

Nilikuwa naandikia redio ndogo ya mtandaoni ya Waswahili, studio yake ikiwa chini ya nyumba moja huko Herndon. Mhariri alitaka maneno manne, na ayapate kabla watu hawajaamka. Nikampa: "Ababaika Mbele ya Mahasimu." Sikuwa na chuki na yule mwanamke, wala hakuna aliyeninunua. Nilipenda mlio.

Honi ikalia nje. Jirani yetu, nesi Mkenya aliyempa mama mdogo lifti kila zamu zao zilipolingana, aliingia bila kubisha kuulizia ya kesho.

"Dada! Mtu wako jana aliganda, aki nilidhani TV imehang!"

"Kwani uliutazama mdahalo?"

"Niutazame saa ngapi, na mimi nilikuwa job? Niliona kwa grupu."

Mama mdogo akageuza simu kifudifudi.

Wiki zilizofuata hakuna mchambuzi aliyeuliza yule mwanamke alisema nini. Walijadili kama ataweza kukifuta alichokifanya. Katika mdahalo wa pili swali lake la kwanza lilihusu ukimya ule, akatumia dakika yake yote kuueleza, na kadiri alivyoueleza ndivyo ulivyorefuka. Redio zikasema watu wanamwacha. Watu wakasikia kwamba watu wanamwacha, wakamwacha. Katika mdahalo wa tatu hakupewa hata pa kusimama. Alijitoa kabla zamu ya jimbo letu, Maryland, kupiga kura haijafika.

Siku ya zamu yetu, karatasi ya mfano wa kura ilikuwa mezani, imeletwa na posta, jina lake bado limo. Kituo cha kupigia kura kilikuwa shule iliyo nyuma ya nyumba zetu, mwendo wa dakika tano. Mama mdogo alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi.

"Jina lake bado lipo," nikasema.

"Hata jina la mama lipo kwenye simu yangu."

Nikakaa. Nikatazama mikono yangu, kisha nikasema haraka, "Mama mdogo, yale maneno niliyaandika mimi. Ya kubabaika."

Hakuinua uso. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ileile. Nani mwingine hapa Marekani anaandika 'mahasimu'?" Alikuwa akinitania siku zote kwamba Kiswahili changu kinatoka kabatini, kina harufu ya dawa ya nondo. Nilingoja acheke. "Nilidhani utaniambia ukiwa unamimina chai."

"Naweza kuandika sasa. Niandike alichosema hasa."

"Umwandikie nani, mwanangu?"

Honi ya jirani ikalia. Mama mdogo alichukua mkoba wake, akakiweka kikombe chenye masalia ya majani juu ya ile karatasi, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, jinsi anavyofunga milango ya wagonjwa waliolala.