Injini ya Gari la Mikate

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na masika yote niligombania mume na gari lisilokuwa na milango. Lilikaa uani kwetu Kinondoni, ndani ya banda la makuti, mahali ambapo mwanamke mwenye akili angefuga kuku. Mwenye gari alikuwa Mzungu mmoja kijana wa Msasani, karani wa kampuni ya meli, aliyetaka kwenda kushindana Nairobi na hakuwa na uwezo wa kununua gari la mashindano. Basi wakaamua kuliunda wenyewe. Waliunga mabomba membamba yakawa fremu, wakaivika bodi ya bati jepesi, na ndani wakatia injini waliyoing'oa kwenye gari bovu la kusambaza mikate.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwuliza kama wanakwenda kushindana au kuuza mikate.

“Cheka tu, mke wangu,” alisema. “Hata huko kwao Uingereza ndivyo wanavyofanya. Kuunda injini ya mashindano ni kazi ya matajiri. Wasio nacho wanachukua injini ya gari la kawaida, hili la kwendea sokoni, linalotoka kiwandani kila siku. Kisha wanapunguza uzito. Injini ni ile ile, ila haina mzigo wa kuvuta.”

“Na mke atakaa wapi? Mie sioni kiti.”

“Halikuundiwa mke hili.”

Nilinuna siku nzima. Lakini jioni walipoliwasha kwa mara ya kwanza nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Likakohoa, likanyamaza, kisha likashika, kwa sauti kali ya puani. Nikamwona mume wangu anacheka peke yake kama bwana harusi, hasira zote zikaniisha. Sijapata kumpenda kama siku ile.

Waliondoka masika yalipokwisha, barabara ya bara ilipokauka. “Nitarudi kabla hujanikumbuka,” aliniambia. Mwongo. Nilimkumbuka kabla vumbi halijatua.

Sasa ubaya wa injini ya kawaida ni kwamba iko kila mahali. Gari jingine la mikate lilipita asubuhi, na la mwalimu mmoja lilipita mchana, yote na sauti ile ile ya puani. Kila nilipoisikia nilivuta kanga nikakimbilia njiani. Majirani wakanizoea. “Huyo mumeo, kakuletea boflo!” walinitania, nami kwa haya nikanunua boflo kweli, ili nionekane nimetokea hilo. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu liliumia, na boflo ikaongezea.

Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari. Mume wangu alishikwa na homa huko huko Nairobi, mashindano hayajaanza, akafia hospitali. Waislamu wa huko walimzika. Nikakaa eda, na shangazi yangu akahamia kwangu, kwa kuwa mjane wa eda hatoki nje wala haonani na wanaume wa kando.

Alasiri moja nikaisikia ile sauti. Haikuwa ya gari la mikate. Lile lilikuwa likilemewa, na hili lilikuja jepesi, halina la kulizuia. Nikasimama. Nasema kweli, niliusahau msiba. Nilifika mlangoni na kata ya maji ya kumnawisha, ndipo shangazi akanikamata kiunoni.

“Kaa, mwanangu. Si yeye.”

Alikuwa yule Mzungu, amekuja kutoa pole. Aliketi barazani, kofia magotini, akalia mbele ya watu wazima wa mtaa, kisha akauliza kama kuna lolote ninalolihitaji. Nilijibu nyuma ya pazia, shangazi akayafikisha maneno yangu.

“Anasema, ukiondoka usiliwashe hapa. Lisukume mpaka mbele.”

Wakalisukuma, yeye na wanaume wa barazani, halikuwapa taabu. Nilisikia matairi yakisaga mchanga, kisha sikusikia kitu. Hapo nikajuta. Nilitamani kuisikia sauti ile mara moja tu, nikijua safari hii kwamba si yeye. Nikasogea dirishani, nikatega sikio, nikangoja waliwashe. Lakini walinihurumia, wakalisukuma mbali mno.