Mikwaruzo Mipya Mlangoni kwa Mkunga

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa vitasa, na mtaa mzima ulimwita Mama Vitasa. Kazi hiyo aliipokea kwa mumewe, macho ya mzee yalipoanza kufifia. Kwanza alimshikia tochi tu, kisha tupa, mwishowe mzee akawa anakaa kitini na kusikiliza. "Hapo umekosea, mke wangu." Naye hujibu, "Nimekosea, au ni wewe usiyeona?" Nilipoolewa, mzee alikuwa ameshafariki, lakini nilisimuliwa kisa hicho mara nyingi hata nikaona kama nilikuwapo.

Tuligawana chumba cha mbele. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani yangu. Upande wa pili meza yake na jiliwa la kubania vyuma, na ukutani funguo zisizochongwa bado, zikigongana kila upepo ukiingia. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya mashine na vumbi la shaba namwona ameinama, miwani puani, akiusengenya mlango wa mtu. "Yule bwana kaweka kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, na bawaba zimeshikwa na misumari miwili. Mwizi atalisalimia kufuli, apite."

Asubuhi moja akaingia mkunga. Alikuwa amestaafu, lakini nusu ya watu wa mtaa ule walipitia mikononi mwake, mume wangu akiwamo. Alikaa, akaikunja leso yake, akaikunjua.

"Mdogo wangu, mtu anaweza kuingia ndani bila ufunguo, na asivunje kitu?"

"Anaweza, dada. Kwani kuna nini?"

Vitu vilikuwa vikipotea nyumbani kwake. Kwanza pasi. Kisha redio ndogo ya jikoni. Sasa saa ya mkononi ya marehemu mumewe, aliyoiweka kwenye kabati chini ya mashuka. Mlango ulikuwa mzima, madirisha mazima. Kijana wake wa kwanza alikuwa amekata shauri: mama amezeeka, anasahau anapoweka vitu, ahamie kwake, na nyumba ipangishwe.

"Labda ni kweli," mkunga akasema. "Mtu akikwambia umesahau, utambishia kwa lipi? Ulichosahau hukikumbuki."

Mama mkwe alivua aproni. "Mkwe wangu, funga cherehani, twende."

Pale mlangoni hakuushika ufunguo kwanza. Alimulika tochi kwa ubavu, akaangalia uso wa kitasa, kisha akapitisha ncha ya kidole kuzunguka tundu, polepole, kama mtu anayepapasa joto la mtoto.

"Ufunguo wako unazunguka vizuri?"

"Ulikuwa ukizunguka vizuri. Siku hizi unasita kidogo. Nikadhani ni mikono yangu."

"Mikono yako haina neno." Akaniita nisogee. "Unaiona hii mikwaruzo? Hii iliyofifia ni ya ufunguo wake mwenyewe, ya miaka na miaka. Kila mlango unayo. Lakini hii inang'aa, ni ya juzijuzi. Na hapa ukingoni, pamebonyea. Ufunguo wa kawaida hausukumwi kwa nguvu hivyo."

Akakifungua kitasa, akakimwaga juu ya kitambaa cheupe mezani. Zile pini ndogo za ndani zilikuwa na vidonda vidogo vichwani. Alitueleza kwamba wapo wanaoingiza ufunguo uliochongwa kwa hila na kuugonga. Pini huruka, kitasa hulegea, na mwenye nyumba akirudi hukuta mlango umefungwa kama alivyouacha.

"Nani, sijui," akasema. "Kitasa hakitaji jina. Lakini kimeguswa, na si na wewe."

Mkunga akaziinamia zile pini. "Kwa hiyo sijachanganyikiwa."

"Kichwa chako kizima, dada. Kitasa ndicho mgonjwa."

Hapo ndipo alipolia, na mama mkwe akajifanya anatafuta bisibisi.

Kijana wake alikuja jioni, na hakufurahi. "Mama mdogo, nakuheshimu, lakini usimtie mama hofu."

"Hofu anayo tayari, mwanangu. Njoo uone." Akampa kioo cha kukuzia. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaketi kizingitini karibu na miguu ya mama yake, mtu mzima na ndevu zake, akasema, "Nisamehe, mama. Niliona rahisi kukutilia shaka wewe kuliko mlango." Mkunga akampapasa kichwa.

Mama mkwe aliweka kitasa kingine, cha pini ngumu kugongeka, na komeo la ndani kwa usiku. Haukupita muda, asubuhi ambayo mkunga huenda kliniki, fundi seremala wa nyumba ya pili alisikia mlio kama wa mtu apigaye msumari kwenye chuma. Akachungulia na kuita, "Nani hapo?" Mtu akatimua mbio, akauacha ufunguo wake umenasa kitasani. Meno ya ufunguo huo yalikuwa yamekatwa sawasawa kama ya msumeno. Seremala alimtambua kwa mgongo: fundi bomba aliyewahi kumtengenezea mkunga mfereji wa jikoni, akanyweshwa chai na kuzijua siku zake za kliniki. Polisi walimkuta chumbani kwake. Pasi na redio zilikuwa zimeshauzwa. Saa ilirudi, bila mkanda.

Mkunga hakuhama. Kijana ndiye aliyehamia, yeye na mkewe na watoto, wakajibana vyumba vya nyuma, na nyumba ikapata kelele tena. Mkunga akawa anakuja kwetu mchana, anakaa na mama mkwe, wanabishana nani aliyekuwa mrembo zaidi zamani, wakinitaka mimi, ambaye sikuwako, niwe shahidi.

Mkunga alifariki kitandani kwake. Mama mkwe akamfuata mwaka uliofuata. Chumba chetu cha mbele sasa kinauza makava ya simu, na vijana wa pale ni wapole. Lakini mchana, ule wakati mtaa unapotulia, bado nahisi wawili wale wangenituma nikawachemshie maji ya chai, na ningekwenda mbio.